Amekuja Akiwa Mzima

Juzi, kwenye benchi la hospitali, nilikaa karibu na mama wa watoto watatu kutoka Nangwa. Saratani ya ovari ilimuua mama yake, kisha dada yake. Vipimo vilionyesha kwamba naye amerithi hatari hiyo, hivyo akaamua ovari zake zitolewe mapema.

"Lakini wewe huumwi," mama mkwe wake alimwambia taratibu.

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Dada alisubiri mpaka aumwe."

Mama mkwe akavua shuka lake, akamfunika mabegani. "Basi watoto nitakaa nao mimi mpaka upone."

Muuguzi alipomwita, alivua hereni, akamkabidhi mkwe, akaingia chumba cha upasuaji bila kugeuka nyuma.

Mimi, ninayeogopa hata sindano ya kung'olea jino, nilijikuta nimesimama kama anapita mgeni rasmi.