Mafiga Chini ya Zege

Kila asubuhi, kabla hajasemezana na mtu, Uzoamaka alikuwa na kawaida ya kusimama mlangoni pa jiko lake, kijiti cha mswaki mdomoni, akiitazama nyumba ya mumewe. Hutafuna, hutema, hutazama tena. Ilikuwa nyumba ya ghorofa yenye nguzo nne nene mbele, nguzo zisizobeba kitu chochote, na juu ya lango simba wawili wa saruji ambao fundi aliwapa nyuso za mbuzi. Aliitazama vile watu wanavyomtazama mlevi aliyepanda juu ya meza kuhutubia: huna haja ya kumshusha, atashuka mwenyewe. Akimaliza huingia jikoni kuwasha moto.

Jiko lile lilikuwa la udongo, bati lake jeusi kwa moshi, na lilikuwa lake. Nyumba ilikuwa ya mwanamume, jiko la mwanamke, ndivyo ilivyo pale kijijini Umuchime. Siku alipoletwa bibi harusi, mama mkwe wake ndiye aliyempandia mafiga matatu kwa mikono yake, akayashindilia udongo, akamwambia, "Mwanangu, hapa ndipo ulipo. Ukigombana na huyu mtoto wangu, njoo ukae hapa. Hana ruhusa ya kukufuata." Na kweli, mafiga ya mke mwanamume hayagusi. Akiyagusa ana maana yake. Mume aliyemchoka mkewe Umuchime haongei sana: anaingia jikoni, anang'oa mafiga, anayatupa nje. Hata mtoto wa miaka sita akiyaona mafiga ya mtu nje anajua kwamba ndoa hiyo imekwisha.

Juu ya mafiga hayo Uzoamaka alikausha samaki, akawauza sokoni kila siku ya gulio la Nkwo, akasomesha watoto wanne. Mumewe wakati huo alikuwa mjini Nnewi akitafuta utajiri kwenye vipuri vya magari. Alikuja nyumbani Krismasi kwa Krismasi, akala samaki, akaondoka.

Utajiri ulimpata huyo mumewe, Obidigbo, akiwa na mvi tayari, na haukumkaa, kama koti la kuazima lisivyomkaa mtu. Alijinunulia cheo, akajiita Omeifeukwu, yaani Mtenda-Makuu. Ukimwita Obidigbo hakuitikii, anatazama nyuma kana kwamba kuna mtu mwingine unayemwita.

Basi Krismasi moja Ozoemena, mtu wa rika lake, alijenga gereji ya magari matatu. Watu walikwenda kuiona kama wanaokwenda kuona maiti ya mfalme. Obidigbo naye alikwenda. Aliporudi hakula.

"Magari matatu," alisema, akiusukuma ugali wa muhogo pembeni. "Ozoemena! Yule tuliyemwita Makamasi! Analaza magari yake ndani kama wake wa sultani, na Benzi yangu mimi inalala nje, inanyewa na kuku."

"Si uwafungie kuku," Uzoamaka akamwambia.

"Mama Nkiru, mambo makubwa wewe huyawezi."

"Basi endelea, Omeifeukwu." Jina hilo alilitamka polepole, kama mtu anayechomoa unywele kwenye supu.

Mwezi uliofuata akaja Fundi Sabinus, ambaye alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: kukubaliana na yeyote aliyeshika chupa. Obidigbo akachukua fimbo yake ya cheo, akachora mchangani. Uzoamaka alikuwa ameketi karibu, anapara samaki.

"Mlango wa kwanza, Benzi," Obidigbo alisema.

"Benzi," Sabinus akaitikia.

"Wa pili, pikapu."

"Ile inayosukumwa?" Uzoamaka akauliza.

"Wa tatu, gari la mwanetu Somto akija kutoka Lagos."

"Somto ana gari?"

"Atanunua. Ukimjengea mtu mahali pa gari, gari lenyewe linamtafuta. Wa nne, gari la mkwe wetu."

"Mkwe wetu anapanda basi, Baba Nkiru. Na akishuka anaomba nauli ya kurudia."

"Hapo umesema kweli, Mama," Sabinus akasema, kisha akaiona chupa ilipo. "Lakini na Omeifeukwu naye amesema kweli."

"Na wa tano?" Uzoamaka akauliza.

"Wa tano ni wa kumpita Ozoemena."

"Wa nne ulikuwa umeshampita."

"Nataka nimpite mpaka asinione vumbi!"

Sabinus akazunguka kiwanja kwa hatua, akarudi anajikuna kisogo. Milango yote ilitakiwa ielekee barabarani, maana gereji isiyoonekana ni stoo tu. Nafasi ya milango minne ilikuwepo. "Lakini wa tano, Chifu, unagonga jiko."

"Jiko litasogea."

"Jiko halisogei," Uzoamaka alisema.

Obidigbo akacheka, akamgeukia fundi ili wacheke wawili. "Kwani jiko lina mizizi?"

"Lina mafiga."

Sabinus akaacha kucheka, akaanza kuchunguza glasi yake. Obidigbo akaufuta ule mchoro wa tano kwa kisigino. "Haya, haya. Tutazungumza," akasema. Na Uzoamaka, ambaye kwa kawaida hakuyaamini maneno ya mumewe hata anaposema jua limechomoza, siku hiyo aliyaamini. Aliyaamini kwa sababu kuna vitu alidhani hata mjinga anaviogopa.

Msingi wa milango minne ukachimbwa. Matofali yakapanda. Kisha Nkiru akajifungua huko Enugu, na Uzoamaka akafunga mzigo wake wa samaki na pilipili za uzazi, akaenda kumkanda bintiye na kumwogesha mjukuu, kama mama yeyote anavyofanya. Alikaa huko mpaka mtoto akaanza kucheka.

Aliporudi aliteremka langoni, akasimama. Gereji ilikuwa imesimama tayari, ndefu, imepakwa rangi ya manjano, ina milango mitano ya bati la kukunja. Chanja lake la samaki lilikuwa limetupwa juu ya kibanda cha jenereta. Vyungu vyake vimepangwa ukutani juani, kimoja kimejaa mabaki ya saruji. Jiko halikuwepo.

"Mafiga yangu yako wapi?" alimwuliza Sabinus, aliyekuwa akipiga rangi mlango wa mwisho.

Sabinus hakumtazama. "Mama... tulipungukiwa mawe ya msingi."

"Yako wapi, Sabinus?"

Fundi akaielekeza brashi yake chini, kwenye zege la mlango wa tano.

Obidigbo akatoka ndani mbio, ameshika funguo, uso wote meno. "Mama Nkiru! Karibu! Njoo, njoo uone." Akamvuta mkono mpaka ndani ya nyumba, kwenye chumba chenye vigae vyeupe. "Jiko la gesi! Lina kioo. Lina taa ndani. Ukipika unamwona kuku anavyogeuka rangi. Mke wa Ozoemena hana."

Uzoamaka akalitazama lile jiko, halafu akamtazama mumewe, muda mrefu, bila hasira hata chembe. Hasira ni ya watu wanaolingana. "Umeng'oa mafiga yangu," alisema.

"Nimekuhamisha. Kung'oa ni kitu kingine."

Hakuligusa lile jiko la gesi, siku ile wala siku iliyofuata. Alikula kwa jirani. Kisha akampelekea neno wifi yake mkubwa, Nwabugo.

Pale Umuchime mwanamume anaweza kumdharau mkewe, kaka yake na hata padri, lakini mabinti wa ukoo walioolewa nje hawadharau. Wakija kwa pamoja, wanaume wanakumbuka safari za ghafla. Nwabugo ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya lori linalopanda mlima. Alikuja, akaingia moja kwa moja mpaka kwenye chumba cha tano cha gereji, akapiga sakafu kwa kisigino.

"Ni hapa?"

"Dada, karibu kwanza kinywaji," Obidigbo akasema.

"Nimekuuliza, ni hapa mama yetu alipompandia huyu mafiga?"

"Ni... maeneo haya haya."

"Obidigbo, mke wako umemfukuza?"

"Mimi? Nimfukuze mke wa ujana wangu? Dada, mimi nimejenga gereji tu!"

"Mkono wako umeng'oa. Mdomo wako unasema hukung'oa. Sisi tumfuate nani?"

"Sikung'oa mimi. Ni Sabinus."

"Sabinus ndiye aliyemwoa?"

Obidigbo akatazama dari. Nwabugo akamweleza kama unavyomweleza mtoto namna ya kufunga viatu. Alitakiwa avunje sakafu ya chumba kimoja, ayatoe yale mafiga, ampandie mkewe pale pale yalipokuwa, alete kuku wa kuomba radhi, na jiko lirudi. Magari yabaki na vyumba vyao vinne. "Utafanya kabla watu hawajakusanyika Krismasi," alisema. "Watu wakikusanyika na hujafanya, huyu si mke wako tena, na sisi mabinti wa ukoo ndio tutakaomsindikiza kwao. Umesikia?"

"Dada, zege hilo lina nondo! Kwa ajili ya mawe matatu? Mawe yamejaa mtoni."

"Na wanawake wamejaa sokoni. Endelea, maliza sentensi yako."

Alipoondoka Nwabugo, Uzoamaka alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alisikia yote. Sasa mambo yalikuwa mepesi kabisa: nyundo moja, kuku mmoja. Hakumwomba. Alitaka kuona tu kama yeye, aliyemlisha mumewe samaki miaka yote hiyo, ana thamani ya nyundo moja na kuku mmoja.

Obidigbo alikuwa na mambo mazito zaidi ya kufikiri. Alikuwa amegundua kwamba milango ya gereji ikifungwa, magari hayaonekani. Jambo hili halikuwa limempitia kichwani hata siku moja. Akaagiza milango ishinde imefunguliwa tangu asubuhi, kuku wakaingia, wakaendelea kuinyea Benzi ile ile, sasa kivulini. Lakini milango ikifunguliwa, inaonekana pia kwamba vyumba vitatu ni vitupu. Watoto wa njiani wakaanza kuchungulia na kuita ili wasikie mwangwi. "Omeifeukwu-u-u!" Na kuta zinaitikia, "U-u-u."

Somto hakununua gari. Mkwe aliandika kwamba Krismasi atakuja kwa basi. Obidigbo akakopa gari la jirani yake mwenye duka, akakodi jingine na dereva wake. Kikabaki chumba cha tano.

Siku chache kabla ya Krismasi vijana wa dukani kwake waliingia langoni wakisukuma Pijo. Walisukuma tangu barabara kuu, jasho linawatiririka, na Obidigbo mbele amevaa kofia nyekundu anawaongoza kwa fimbo. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, matairi mapya yanang'aa. Wakaiingiza chumba cha tano, wakaipanga vizuri, ikasimama juu ya mafiga.

Uzoamaka alikwenda, akaifunua boneti. Ndani hamkuwa na injini. Kulikuwa na kiota cha panya.

Akacheka. Hakuwa amecheka tangu arudi kutoka Enugu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Nkiru," alisema akifuta macho, "kumbe umenibadilisha kwa hii?"

"Funga boneti," Obidigbo akanong'ona, anatazama barabarani. "Watu watakuona."

Uzoamaka hakulala tena na wasiwasi. Alifungasha.

Sherehe ya kuizindua gereji, wao husema kuiosha kwa vinywaji, ilifanyika siku ya pili baada ya Krismasi. Uwanja ulijaa. Mabinti wa ukoo walikuja pia, wakaketi safu moja kwenye viti vya plastiki karibu na lango, hawanywi. Obidigbo aliona hawanywi, akadhani wanangoja bia baridi. Ozoemena akapita mlango kwa mlango, mikono nyuma, mpaka wa tano.

"Pijo!" akasema. "Kipenzi changu hiki. Hebu iwashe tuisikie."

"Imepumzika," Obidigbo akajibu.

"Imepumzika kwa amani?" Ozoemena akaliinamia gari, akanusa. Watu wakaanza kuangua vicheko nyuma ya glasi zao. "Na mke wako yuko wapi, rika langu? Sijasikia harufu ya supu hapa."

"Yuko ndani, anawapikia kwenye gesi. Ina taa, mtaona."

Uzoamaka akatoka wakati huo mlango wa mbele, kati ya zile nguzo zisizobeba kitu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amejitwika sanduku. Hakuzunguka nyuma. Alipita katikati ya wageni, akisalimia wakubwa na wadogo, na waliomsalimia walinyamaza mmoja mmoja baada ya kuliona sanduku. Alipofika kwenye viti vya plastiki Nwabugo alisimama, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, na safu nzima ya mabinti wa ukoo ikasimama pamoja naye.

Obidigbo alimwona anafika langoni. Akaishika glasi yake juu ya vichwa vya watu, akapaza sauti ili kila mmoja asikie kwamba kwake hakuna kilichoharibika.

"Mama Nkiru! Ukirudi pitia dukani, ulete barafu!"

Wageni waliingoja barafu ile mpaka bia ikaisha ikiwa ya moto, wakaenda kumalizia kwa Ozoemena. Uzoamaka hakurudi.