Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Mwalimu

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko na kwa herufi zitakazokuwa zimeruka. Nilimaliza darasa la nane tu, na tangu wakati huo mkono wangu umeshika kitana kuliko kalamu. Kurasa hizi zimenichukua Jumapili tano. Mahali nilipokosea nimekata kwa mstari mmoja mwembamba, ili anayesoma aone kwamba nilijua nimekosea. Mtu akiniuliza jambo ana kwa ana mimi hutazama chini na maneno hupotea. Nikiandika, angalau hakuna anayenisubiri.

Nasuka nywele katika saluni ndogo huko Umoja. Ni chumba kilichoongezwa mbele ya nyumba ya mwenyewe, mama mmoja mjane aliyetoka Kakamega zamani. Sisi humwita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, naye hapendi sana jina hilo lakini huitika. Ni mtu wa kanisa. Redio yake haijawahi kuondoka kwenye stesheni ya nyimbo za injili. Upande wa pili kuna kinyozi, na kati yetu naye kuna ukuta wa mbao tu. Tukizungumza husikia yote, na akitaka kuchangia huchangia bila kuinuka alipo.

Rasta ndogo husukwa na watu wawili. Mmoja hushika kushoto, mwingine kulia, mnaanzia kisogoni na kupanda polepole mpaka mkutane juu ya paji la uso. Ni kazi ya saa sita au saba juu ya kichwa kimoja. Mikono ina shughuli lakini midomo haina, na mkikosana hamwezi kuachana kabla kichwa hakijaisha.

Mwenzangu wa kichwa ni dada wa miaka kama thelathini, mwenye mtoto mmoja. Yeye hutumia mkono wa kushoto, kwa hivyo upande wa kushoto ni wake siku zote. Na haamini kwamba Mungu yuko. Huku kwetu Mukuru kwa Njenga nimewaona watu wengi wasiokanyaga kanisani, wengine walevi, wengine wanaowasema wachungaji vibaya, lakini wakiugua wote huomba waombewe. Huyu alisema tu kwamba haamini, kama mtu anayekwambia hali samaki. Nilikuwa katika wiki yangu ya pili kazini. Niliangusha kitana.

Kutoka siku hiyo tukaanza kubishana. Niseme kweli, wao walibishana, mimi nilijibu kesho yake. Kinyozi naye alikuwa upande wa mwenzangu, kwa sababu hutazama midahalo ya namna hiyo kwenye simu wakati hana mteja. Aliuliza kupitia ukutani: kama Mungu anajua kila kitu, ya nini kumweleza shida zako? Jioni nikampelekea mchungaji wetu swali hilo, akanijibu, nami nikaandika jibu kwenye kile kikaratasi kigumu kinachokuja ndani ya pakiti ya rasta. Asubuhi nilikiweka juu ya droo ya vibanio na kusoma nikisuka. Mwenzangu aligundua baada ya siku tatu. Hakunicheka. Alinisogezea tu droo karibu, akasema nisome vizuri, asije akashinda bure.

Siku moja nilimuuliza kwa nini aliacha kuamini. Alisema alipokuwa mdogo waliishi bondeni, na mvua kubwa ikaleta maji mpaka juu ya kitanda. Mama yake aliwabeba mpaka kwenye kanisa lao, ambalo lilijengwa palipoinuka. Watu wengi walikuwa wamekimbilia huko. Mlango ulikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwapo pale pale, amesimama nao mvuani. Ndani mlikuwa na zulia jipya. Walisimama nje mpaka kukapambazuka. Sikuwa na kikaratasi cha kujibu hilo. Nilisema yule alikuwa mwanadamu, si Mungu. Akasema, "Najua. Lakini zulia lilikuwa la Mungu."

Kulikuwa na neno moja tu lililokuwa langu mwenyewe, ambalo sikulitoa kwa mchungaji, na nililiamini sana. Niliamini kwamba mtu asiyemcha Mungu hana kinachomzuia. Anaweza kuwa mwema mbele za watu, lakini pasipo na macho atafanya apendavyo. Nililisema siku moja kwa sauti, tukiwa na kichwa cha msichana wa chuo.

"Kwani wewe ni Yeye tu anakuzuia?" mwenzangu aliuliza. "Basi siku akisinzia uniambie, mlokole, nifiche mkoba wangu."

Kinyozi alicheka mpaka mteja wake akamkumbusha kwamba ana masikio mawili na anayataka yote. Mathe, ambaye alikuwa akihesabu taulo, hakucheka. Alisema mtoto amesema ukweli: asiyemwogopa Mungu, ataogopa nini? Nilifurahi. Sikujua kwamba nilikuwa nimempa neno la kutumia.

Mchungaji alipata habari za mabishano yetu, akaniambia nisimame katika ibada ya Jumatano nitoe ushuhuda jinsi ninavyowajibu wasioamini kazini. Sijawahi kusimama mbele ya watu. Usiku hata sikulala vizuri. Nilikubali kwa sababu hata kukataa kunataka sauti.

Jumatano hiyo tulikuwa na mteja mmoja tu, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Njiru. Alitaka rasta ndogo kabisa, kama njiti za kiberiti. Tulianza asubuhi. Mathe alikuwa ameenda kuangalia mgonjwa. Ilipofika saa nane, mwenzangu alipigiwa simu kutoka shuleni kwamba mtoto wake anatapika. Aliniangalia, nikamwambia aende, nitammalizia upande wake.

Ibada ilikuwa saa kumi na moja na nusu, na kwa miguu kutoka Umoja mpaka kwetu ni zaidi ya saa nzima. Upande wangu ulikuwa umebaki kidogo. Nilipoumaliza nikahamia kushoto. Mwalimu alikuwa amesinzia tangu kabla ya simu ile, kalamu nyekundu mkononi na madaftari ya wanafunzi mapajani. Niliangalia saa ya ukutani. Kisha, katikati ya kichwa, pale ambapo nywele za juu hulala na kufunika, nikagawa vipande vikubwa. Rasta moja nikaifanya nene kama kidole changu cha mwisho. Nikaangalia saa tena, nikafanya nyingine. Karibu na paji la uso, panapoonekana, nikarudi kwenye ndogo. Wala sikujiambia kwamba nadanganya. Nilijiambia nakimbilia kazi ya Bwana.

Mwenzangu alirudi saa kumi kasoro, mtoto mgongoni, mimi nikichovya ncha kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Alipapasa nywele za juu kwa upande wake akaridhika. "Umeniokoa wewe," alisema. "Leo karibu niamini malaika."

Nilitembea haraka, nikafika ibada ikianza. Nilisimama. Nilisema sentensi nne. Nilisema kwamba kazini kuna wasioamini, na nimewaonyesha kwamba bila Mungu mtu hana cha kumzuia. Watu walipiga makofi, na mama yangu alilia.

Mwalimu alirudi Jumamosi. Alikuwa amejaribu kuzifunga juu kwa ajili ya harusi, na binti yake akamuuliza mbona ndani kuna kamba za kufungia ng'ombe. Aliketi, akainua nywele kwa mikono yote miwili, na sote tukaona. Kulia kulikuwa sawa. Kushoto nilihesabu kwa macho, kama ishirini hivi.

Mathe hakuuliza nani. Kushoto ni kwa nani, kila mtu anajua. Alimgeukia mwenzangu.

"Nimekuvumilia," alisema. "Mimi nilisema, na huyu mtoto alisema hapa hapa. Mtu asiyemwogopa Mungu ataogopa nini? Fumua, usuke upya, halafu Jumatatu uje uchukue vitana vyako."

Mahali petu pa kazi kuna kioo kirefu ukutani. Mwenzangu hakugeuka. Aliinua macho tu akanitazama ndani ya kioo. Hakukunja uso. Alikuwa anangoja, kama anavyongoja nimpe kibanio. Mtoto wake alikuwa ameketi sakafuni akichezea chanuo, amepona. Nilijua kwamba kiti kile ndicho kinachowalisha wote wawili. Nilijua pia kwamba akisema neno moja nitajulikana. Nilitazama chini.

Hakusema. Alimwambia Mwalimu akae vizuri, akachukua kitana na kuanza kufumua.

Nilichukua ndoo nikasema naenda kuteka maji, ingawa maji yalikuwapo. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake akikung'uta shuka. Alikuwa amesikia yote.

"Sasa, siste," alinisalimia. "Leo upande wenu umeshinda."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani mashine yake ilimzuia kusikia ile simu ya Jumatano, akaamini kabisa kwamba mwenzangu ndiye aliyefanya, na hata alikuwa amehuzunika, maana alikuwa mtu wa upande wake. Nilisimama kando ya tangi na ndoo tupu. Niliomba. Naandika hili kwa sababu mwenzangu aliniuliza baadaye na nataka kusema kweli: niliomba nipewe neno, na sikusikia kitu chochote. Nilisikia mashine ya kinyozi ikiwashwa, na redio ya Mathe. Ndani ya kichwa changu kulikuwa na makofi ya Jumatano. Nikawaza kwamba kama hili likipita, Jumatano nyingine watanisimamisha tena, na sasa nitakuwa na mfano wa kutoa, wa mwenzangu.

Nilirudi ndani, nikasimama nyuma ya kiti.

"Ni mimi nilisuka huku kushoto," nilisema.

Mwenzangu peke yake ndiye aliyesikia. Mikono yake ilisimama. Mathe aliuliza nimesema nini, nikarudia, naye akasema niseme kwa sauti, namnung'unikia nani. Nikasema mara ya tatu. Nilisema kwamba mwenzangu alikuwa ameitwa shuleni, kwamba nilikuwa nakimbilia ibada, na kwamba nilizificha katikati nikijua ninachofanya.

Mathe alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele. "Wewe," alisema, "na umeokoka." Kisha akanyoosha mkono akazima redio. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Mwalimu alisema yeye ana harusi saa nane, kwa hivyo atakayefukuzwa afukuzwe baadaye, kwa sasa anataka mikono mingi. Nikashika kitana. Tulifumua pamoja, mimi na mwenzangu, wote wawili upande wa kushoto, tukibanana viwiko.

Mathe hakunifukuza. Alinitoa kwenye ususi mwezi mzima. Nikawa naosha vichwa, naosha taulo, nafagia. Mwenzangu alibaki na kiti chake. Sikumsikia Mathe akimwomba msamaha, lakini kuanzia Jumatatu ile chai humfikia yeye kwanza, kabla ya wateja. Redio iliwashwa tena baada ya siku mbili, kwa sauti ya chini kidogo.

Niliporudishwa kwenye ususi, kichwa cha kwanza tulipewa pamoja. Tulisuka saa nzima. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakunitaja. Alisema alitaka kuona. Nikamuuliza kuona nini. Alifunga rasta moja, akaanza nyingine.

"Nilitaka kujua kama nimekosea au sijakosea kuhusu huyo Mungu wenu," alisema. "Sasa niambie. Ni Mungu alikufanya uongee, ama ni mimi kukuangalia kwa kioo?"

Sikuwa na kikaratasi. Nilimwambia habari za tangi, kwamba niliomba na sikusikia kitu.

"Basi ni mimi," alisema.

"Lakini nilipokuwa kwenye tangi hukuwa unaniangalia," nilisema.

Kinyozi upande wa pili alizima mashine yake. Ilikuwa mara ya kwanza nimejibu siku hiyo hiyo. Baadaye mwenzangu alisema hilo si jibu, ni swali limevaa koti, na huenda ni kweli. Tungali tunabishana. Yeye bado haamini, na mimi bado naamini, ila lile neno langu sijalisema tena. Nimemwona mtu asiyemcha Mungu akiwa na kila sababu ya kunitaja, na hakunitaja. Mimi ninayemcha nilikuwa peke yangu na saa ya ukutani, na nikagawa vipande vikubwa.

Kuna jambo moja bado linanilemea. Kanisani hawajui. Makofi yale ningali nayo kama kitu cha wizi. Mchungaji ameniambia nisimame tena, nami nimemwambia nina ushuhuda mwingine lakini bado naupanga. Ndio huu. Nimeuandika kwanza ili nikisimama niweze kuusoma bila kuinua macho. Jumatano ijayo nitauchukua, na mwenzangu amesema atakuja kukaa nyuma, karibu na mlango, si kwa kuamini bali kuhakikisha nimefika mwisho wa ukurasa.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, ninawaomba mniandikie. Mnaoamini, niambieni kama mmewahi kuomba kwenye tangi namna ile msisikie kitu, na mkajuaje la kufanya. Msioamini, niambieni ni nini kilichomzuia mwenzangu, maana yeye mwenyewe nikimuuliza huniambia nishike nywele vizuri. Andikeni polepole na kwa herufi kubwa, nami nitajibu, hata kama ni Jumapili tano baadaye.