Joto la Chumba cha Mama

Mdogo wangu anaishi Ulaya. Mimi ninaishi Kiomboi, nyumba moja na mama yetu, na ukuta unaotenganisha chumba changu na chake hauzuii hata kikohozi. Baba alishafariki, na sisi tumezaliwa wawili tu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama anampenda zaidi aliye mbali, na mwaka ule wa hita niliona nimepata ushahidi.

Mama ana kifua. Kipupwe kikiingia, upepo wa huku unapita hadi chini ya mlango, na yeye anaanza kubanwa. Zamani nilikuwa nikimwingizia jiko la mkaa chumbani jioni, nalitoa kabla hajalala. Daktari akalikataza kabisa. Mdogo wangu alipokuja likizo, alinunua hita ya umeme akiwa Dar, na kutoka kwake alikuwa amebeba kidude cheupe, kikubwa kama kipande cha sabuni, akakibandika ukutani juu ya meza ya mama. Alinieleza kwamba kinapima joto la chumba. Chumba kikipoa kinawasha hita, kikipata joto kinaizima. Tena kimeunganishwa na intaneti, kwa hiyo hata akiwa huko kwake anafungua simu na kuona chumba kina joto kiasi gani.

Kabla ya hapo, aliyekuwa akipima joto la chumba kile ni mimi, kwa kiganja.

Aliporudi Ulaya akaanza kupiga simu kila asubuhi.

"Shikamoo mama. Naona chumba chako kina nyuzi ishirini na nne. Umelala vizuri?"

"Marahaba mwanangu. Nimelala kama niko Dar!"

Baada ya hapo mama alikuwa na habari ya kutosha siku nzima. Wanakwaya wenzake walipokuja kumjulia hali, aliwaonyesha ukuta. "Binti yangu ananipasha joto kutoka Ulaya," aliwaambia, kisha akarudia kwa Kinyiramba, maana jambo likimfurahisha sana Kiswahili hakimtoshi. Nilikuwa nawamiminia chai. Mmoja wao akanitazama, akauliza, "Na huyu je?"

"Aa, huyu tuko naye tu hapa," mama akasema.

Nilikwenda jikoni nikakaa huko hadi walipoondoka.

Mambo yenyewe yalikuwa madogo, na mimi nilikuwa nayakusanya. Sweta lililotoka Ulaya lilivaliwa kanisani tu, na kanga nilizonunua mimi zilivaliwa kupepetea mtama. Ujumbe wa sauti wa mdogo wangu, mama alinitaka niurudie hata mara tatu, lakini mimi nikiongea kwa kirefu ananiambia ana usingizi. Na kile kidude alikivalisha kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika redio na televisheni. Kitambaa hicho nilikifuma mimi mwenyewe, kizito, chenye maua, nikampa akiweke chini ya Biblia yake. Alikikunja mara mbili, akakining'iniza kwenye msumari kikafunika zawadi ya mdogo wangu yote. Nilikiona siku ileile. Kiliniuma, nikakiacha palepale.

Upepo wa Julai ukaja. Asubuhi moja nilimpelekea uji, nikaingiza mkono chini ya blanketi kama nilivyozoea. Miguu yake ilikuwa ya baridi hadi kwenye magoti.

"Mama, umepatwa na baridi."

"Hapana. Chumba kina joto. Mdogo wako ameona."

Nikampigia mdogo wangu.

"Shikamoo dada. Naangalia hapa sasa hivi, ni nyuzi ishirini na nne. Labda ni uzee tu, damu haifiki miguuni. Mashine haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo?"

"Sijasema hivyo, dada."

Lakini nilisikia alichokuwa anafikiria, kwamba namwonea wivu. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Sikumpigia tena. Nilimwongezea mama blanketi, nikamvalisha soksi zangu, na ndani yangu nilitamani sana namba ile iwe ya uongo.

Kikohozi kikazidi. Asubuhi mama aliposhindwa kumaliza uji kwa kukohoa, niligusa hita nikakuta imepoa kama sufuria ya jana. Nikapiga simu ya video, sikusubiri salamu.

"Inasema ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Hita ni ya baridi. Mama anatetemeka."

"Nionyeshe kidude."

Nikageuza simu ukutani.

"Dada, hicho ni nini?"

"Kitambaa."

"Nani amekifunika?"

"Mimi!" mama akajibu kutoka kitandani. "Vumbi la hapa si unalijua?"

Mdogo wangu akashika kichwa. Akaeleza kwamba kidude kile kikifanya kazi huwa na joto lake kidogo. Kikifunikwa, joto hilo halitoki, kwa hiyo kinajipima chenyewe na kudhani chumba kizima kiko hivyo, kisha kinazima hita. Nikakiondoa kitambaa. Tukangoja. Akawa anasoma namba kwenye simu yake, ishirini na mbili, ishirini, na kila aliyoisoma sauti yake ilishuka nayo. Ilipofika kumi na sita hita ikalia, ikaanza kuwaka.

"Mama, ulikuwa unasikia baridi siku zote hizi?" mdogo wangu akauliza.

Mama akatazama dirishani. "Kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Umekibeba kutoka kote huko. Ukisikia kimeshindwa, utaumia."

Mdogo wangu akaanza kulia. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilichohisi ni kwamba mama alikubali kuganda ili moyo wa huyu usiguswe, na wangu haukuwahi kulindwa hata siku moja, uji ukiwa na madonge tu nasemwa.

"Mimi ungeniambia," nikamwambia mama. "Ingekuwa ni mimi nimeileta, ungenipigia kelele."

Akanishangaa. "Wewe? Wewe ningekuambia kabla hata sijatetemeka."

Nilitaka kulichukua kama tusi. Ndipo mdogo wangu akasema kwenye simu, huku akijifuta pua, "Mimi hajawahi kuniambia anaumwa, dada. Hata siku moja. Kila kitu nakisikia kwako."

Sauti ile niliitambua. Ndiyo inayokuwa kooni mwangu wageni wakiwepo na mama akionyesha ukuta. Nikamwambia nitampigia baadaye, na jioni nikampigia kweli. Tuliongea muda mrefu, mengi hayakuhusu hita. Kabla ya kukata simu alinielekeza namna ya kukiweka kidude kile kwenye simu yangu pia, niweze kuwasha na kuzima.

Kifua cha mama kikaanza kufunguka. Wivu wangu haukuondoka hivyo. Wageni walikuja tena, na waliambiwa tena habari za binti wa Ulaya. Ila sikwenda jikoni.

Siku moja upepo ulivuma tangu alfajiri. Nilisimama mlangoni kwa mama, nikabonyeza simu. Hita ikawaka. Mama akafumbua macho.

"Mdogo wako ameamka mapema leo."

"Ni mimi, mama."

Akanyanyua kichwa, akaitazama simu mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe na wewe unaweza?"

"Naweza."

"Basi ongeza kidogo," akasema, akajifunika blanketi. "Miguu bado."

Nikaongeza, kisha nikaingia kumshika miguu.