Jiwe la Wainka kwa Unga wa Sembe

Mume wangu hachoki kunikumbusha vitu nilivyoanza nikaviacha: udereva, ushonaji, kuogelea. Nilipojiandikisha darasa la jioni la historia huku ughaibuni, mtaani kwetu Kings Heath, alicheka, akasema siku ya kuwasilisha kazi mbele ya wenzangu nitashikwa na mafua. Aliniudhi sana, maana hayo mafua nilishaanza kuyasikia.

Nilichagua jiwe la Sayhuite, kule Peru. Wainka, watu wa kale wa huko, walilichonga juu kote: vyura, mijusi, paka wakubwa, matuta ya shamba, vidimbwi, na mifereji inayoteremka hadi ukingoni. Lilikuwa la nini, hakuna ajuaye kwa hakika. Wapo wanaosema lilikuwa mfano wa kupangia maji ya mashamba. Wengine wanasema palikuwa mahali pa kumwagia sadaka. Nililifinyanga kwa udongo, nikajisifu. Asubuhi ya siku yenyewe nikalikuta limepasuka vipandevipande juu ya hita nilikolianika.

Nilikaa chini nikalia. Kisha hasira zikanipanda. Nikabandika sufuria, nikasonga ugali mgumu kuliko wowote niliowahi kusonga, nikaupakua kwenye sinia, ukapoa, nikauchonga kwa kijiko na kisu cha matunda. Vyura wangu walifanana na viazi, lakini mifereji ilikaa sawa. Mume wangu aliporudi kutoka kazini aliukodolea macho, akauliza mboga iko wapi. Nikamwambia abebe sinia twende.

Darasani alikaa nyuma kabisa. Kiingereza chote kikanipotea, basi nikamimina maji kileleni. Yaliteremka tuta kwa tuta, yakajaza vidimbwi, yakatokea ukingoni pande zote. Watu wakasimama ili waone vizuri. Maneno yakanirudia. Nikawaeleza mawazo yote mawili, kisha nikaongeza langu: kwa bibi yangu, mfereji wa shamba haukufunguliwa kabla maji hayajaombewa, kwa hiyo huenda jiwe lilifanya kazi zote mbili. Mwalimu akaniomba nimimine tena. Nilifurahi hadi nikasahau kuogopa.

Tukirudi kwa miguu, mume wangu alitangulia na sinia, kifua mbele. Mama mmoja Mkenya, jirani yetu, akatusimamisha kuuliza ugali wote huo tunaupeleka wapi.

"Hii si ugali, ni jiwe," mume wangu akamjibu. "Na wife ame-finish."