Inakwenda, Dada

Fundi wa kompyuta wa ofisi ile alinakili mafaili kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, na amri ikishaanza haikusema lolote. Karani aliyempelekea kazi alibaki kukikodolea macho kimstari kinachowakawaka, roho juu. "Imefika wapi, kaka?" Fundi hakugeuka, alipangusa kibodi kwa mkono wa shati, akapiga mwayo. "Inakwenda, dada. Acha presha." Kila siku ni hilo hilo. Kuna siku karani alichomoa waya wa diski akidhani mambo yamekwama, na fundi akamfokea mbele ya watu kama anamfokea mtoto.

Jana karani aliingia bila kubisha. Fundi alikuwa ananakili picha za marehemu mama yake kutoka kwenye diski iliyoanza kukwaruza, karibu kuharibika, na safari hii asilimia za kazi iliyokwisha zilikuwa zinapanda kwenye skrini, yeye amezikazia macho, anatafuna kucha.

"Kumbe asilimia zipo!" karani alifoka. "Muda wote huo kumbe ungeweza kunionyesha!"

"Dada, nakuomba, subiri kidogo."

Karani akapita, akasimama kati yake na skrini, akakunja mikono.

"Inakwenda, kaka," alisema. "Acha presha."