Fimbo Ambayo Haikufika

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi nilikabidhiwa fimbo niipeleke mahali, na fimbo hiyo haikufika. Majirani zangu hapa Kiganjo wananijua kama mama asiyezungusha maneno. Nikiuza maharagwe yenye wadudu, nasema yana wadudu. Basi acha na hili niliseme lilivyo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja upande wa Ruiru. Baba alikuwa mkata miti. Katikati ya shamba palisimama mugumo mkubwa, mti mtakatifu kwetu Wakikuyu, na Cucu, mama yake Baba, alinieleza kwamba waliofyeka msitu wa hapo zamani waliuacha makusudi. Roho za miti yote iliyokatwa zilihitaji pa kukaa, zikahamia humo. Sasa mzungu alitaka ukatwe, kahawa iongezwe.

Baba alikuwa amebatizwa, lakini alimwambia Cucu waziwazi, "Mama, sitautia shoka mpaka ufanyiwe yake."

Mila yenyewe ilikuwa hivi: unakata tawi la mugumo, unalibeba bila kuliweka chini, unaliegemeza kwenye mti mwingine mkubwa ulio hai, na unaziambia roho zihamie huko. Kazi ya wazee. Lakini wazee walikuwa kizuizini, na miguu ya Cucu ilikuwa imevimba. Ndipo akanipa mimi hiyo fimbo ya mugumo, mchana kweupe, akanifundisha maneno ya kusema, akanionyesha mti mkubwa wa muringa ng'ambo ya kijito.

"Usiiweke chini. Usiivunje. Ikikushinda, rudi nikukatie nyingine. Hakuna atakayekugombeza."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoniuma mpaka leo.

Kwenye mistari ya kahawa nilikutana na Kamau, mtoto wa nyapara.

"Hii! Unaupelekea mti bakora? Kwani huo mti unachechemea?"

"Nitolee njia."

"Babako anaogopa kuni! Mwanaume mzima, anaogopa kuni!"

Nilimchapa nayo mgongoni. Mara ya tatu ikakatika. Kamau akakimbia akilia, nami nikabaki nimeshika kipande, utomvu mweupe ukinikaukia viganjani. Ningerudi, si mbali. Lakini ningemwambia Cucu nini, kwamba fimbo yake nimeifanya kiboko? Nikavitupa vile vipande mtaroni, nikakaa chini ya mti wa kahawa muda wa mtu kwenda na kurudi.

Jioni Baba aliniuliza mwenyewe, akinitazama machoni.

"Umeiegemeza?"

"Ndiyo, Baba."

"Na umeziambia zihame?"

"Nimeziambia."

Akaniwekea mkono kichwani. "Umefanya kazi ya wazee kumi, wewe." Kisha akaenda kunoa shoka.

Asubuhi mugumo haukuanguka upande aliokuwa ameulenga Baba. Ulijizungusha kwenye kisiki, ukamfuata alikokimbilia. Wenzake walipomaliza kukata matawi na kumtoa, ilikuwa saa sita, na hapakuwa na la kufanya.

Cucu hakulia mbele yangu. Siku baada ya siku alikaa mlangoni akijiuliza kwa sauti, "Fimbo si ilifika? Au ni mimi niliyekufundisha maneno vibaya?" Nami nikanyamaza. Alikufa kabla ya mvua ya pili, akiamini kosa lilikuwa lake.

Shule sikuenda. Nilijifundisha kusoma mwenyewe, na nimesoma habari za miti. Mugumo mzee mara nyingi ndani ni uwazi mtupu, unaangukia unakotaka. Huenda Baba angekufa hata kama fimbo ingefika. Huwa naambiwa hivyo, na huwa nakasirika. Sibishani habari za roho. Nasema kwamba Baba alikataa kukata mpaka aambiwe ni salama, na mimi nikamwambia ni salama.

Mwaka jana mjukuu wangu Wairimu, tuliyempa jina langu, alinipeleka kuona bustani ya miti ya chuo kikuu anakosoma. Tulipovuka kijito ndipo nilipopatambua: ni lile shamba la kahawa. Muringa bado upo. Umepigiliwa kibao cha jina la kizungu.

"Huu ndio mzee kuliko yote, shosho," akasema. "Hata mwalimu wetu hajui kwa nini hawakuukata."

Nilipapasa shina lake, pale ambapo mtoto wa miaka tisa angefikia. Kisha nikamweleza yote, mara ya kwanza kumweleza mtu. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akashika bakora yangu taratibu.

"Shosho, tuiegemeze hii?"

"Wacha mchezo," nikamkemea. "Waliokuwa wakiingoja hawapo."

Akaniangalia, macho yamejaa machozi, akanirudishia. Nilitembea nikiiegemea mpaka getini.

Tangu mwaka ule sijamdanganya mtu, na watu hunisifu kwa hilo. Mimi nawaacha wanisifu. Waliohitaji ukweli wangu walikuwa wawili: mmoja nilimdanganya, na mwingine nikamnyamazia mpaka akafa.