Alama ya Kwato Mbavuni

Kwa miaka ishirini na miwili, muuguzi wa zahanati iliyopakana na shamba la maziwa amekuwa akiuliza swali lilelile kabla salamu haijaisha: "Mnyama gani, na ulikuwa umekaa upande gani?" Watu wakamwita Mama Kwato. Hakuchukia.

Ameshona vidole vilivyosagwa na kamba ya ndama. Amefunga bega lililong'atwa na punda, amepokea kifua kilichobanwa kati ya fahali na ukuta. Anajua farasi hurusha teke nyuma, lakini ng'ombe hulizungusha pembeni, kama mtu anayefyeka. Elimu hiyo ilimgharimu. Mwaka wake wa kwanza kazini, mkata majani aliyepigwa teke tumboni alipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa apumzike nje. Akashukuru, akaketi kwenye benchi, akaegemea ukuta. Saa moja baadaye alikuwa bado ameegemea vilevile, mwili umeshapoa. Benchi lile lipo mpaka leo. Mama Kwato hajawahi kulikalia.

Asubuhi moja aliingia shemeji yake, mdogo wa mumewe, mkamuaji wa shamba lile, amejikunja kama jani linaloungua.

"Shemeji, nimeanguka na baiskeli. Nipe dawa nirudi kazini."

"Baiskeli gani tena? Si uliiuza ukanunua redio?"

"Ya kuazima."

Mama Kwato hakucheka. Paji la uso la shemeji lilikuwa baridi, limelowa. Mapigo ya moyo yalikimbia mia na ishirini kwa dakika.

"Bega la kushoto linauma?"

"Umejuaje? Na bega sikuliangukia!"

Aliivuta fulana juu kabla hajakatazwa. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na alama mbili nyekundu zilizotazamana, kama maharagwe mawili.

"Tangu lini baiskeli ikawa na kwato?"

Shemeji alifumba macho. "Ukiandika ng'ombe, umemuua Kidani."

Hapo Mama Kwato akaelewa yote. Mwenye shamba alikuwa na sheria moja: ng'ombe anayejeruhi mtu halali tena zizini, anakwenda kwa mchinjaji. Na Kidani, mwenye mstari mweupe shingoni, alifiwa na mama siku aliyozaliwa. Shemeji ndiye aliyemlea kwa chupa.

"Bandama yako inavuja damu, mjinga wewe! Kidani atapona, wewe je?"

Alimchoma sindano ya maji mkononi, akapiga simu hospitali, akapaza sauti dereva alete gari mpaka mlangoni. Njia nzima alikaa sakafuni mwa gari akiminya mfuko wa maji kwa mikono miwili. "Nitukane! Niimbie! Usilale tu!" Shemeji akamtukana, kwa sauti iliyozidi kufifia, na Mama Kwato hajawahi kufurahia matusi kama siku hiyo. Milango ya chumba cha upasuaji ikafunguka, ikafungwa.

Kesho yake alfajiri alimkuta mwenye shamba zizini, kamba mkononi.

"Ni yupi aliyempiga mkamuaji wangu?"

"Nipe kwanza ndoo ya maji ya moto, mzee wangu."

Akachuchumaa upande wa kulia wa Kidani, mahali palepale alipokaa shemeji. Alipitisha vidole kwenye chuchu moja baada ya nyingine, taratibu. Alipofika ya tatu, mguu ukainuka. Hakukimbia. Aliiosha, akaigeuza kwenye mwanga.

"Njoo uone."

Chuchu ilikuwa na ufa mrefu, mbichi, umevimba.

"Huyu amekamuliwa kwenye kidonda siku ngapi? Angekuwa mtu, ningemwandikia ruhusa. Wewe unamwandikia kisu?"

Mwenye shamba aliinama, akatazama kwa karibu. Kisha akaitupa kamba. "Nani alikagua viwele wiki hii? Leteni mafuta! Na asikamuliwe chuchu hiyo bila daktari wa mifugo kumwona!"

Siku ya tatu, shemeji alifumbua macho vizuri. Bandama haikuwepo tena. Mshono ulikuwa mrefu kama mkanda.

"Uliandika baiskeli?"

"Niliandika kwato."

Alijaribu kuinuka. "Kidani?"

"Yuko zizini, anapakwa mafuta kuliko bibi harusi. Anakula, anakutafuta mlangoni."

Shemeji akaanza kucheka, akashika mshono, akalia kwa maumivu, akacheka tena.

"Shemeji, usinichekeshe, utanipasua!"

"Nikipasua nitashona. Lala."